Tumwache Tryon, Tuitazame Pembe

Toleo hili tulilipanga liwe la manowari za deraya na wasanifu wake. Makala zilipoanza kuingia, karibu zote zilikuwa za mtu mmoja: Amirali George Tryon. Kila mwandishi anauliza alikuwa na nini kichwani tarehe 22 Juni 1893, karibu na Tripoli ya Lebanoni, alipoamuru safu mbili za manowari zigeukiane ilhali baina yake palikuwa na mita 1,100 hivi tu. Alikuwa mgonjwa? Alikosea hesabu? Mwenye jibu alizama na manowari yake, Victoria, yeye na mabaharia zaidi ya 350. Amri ilikuwa mbovu, hilo halina ubishi. Mjadala wenyewe umenichosha.

Kilichoitoboa Victoria ni pembe ya Camperdown, manowari ya safu ya pili iliyoigonga. Ilikuwa chuma kilichotokeza omoni chini ya maji, kimewekwa pale makusudi ili kitoboe mahali ambapo tundu haliwezi kuzibwa. Kilifanya kazi yake barabara. Camperdown iliporudi nyuma, tundu likabaki wazi; sitaha ya mbele ya Victoria, iliyokuwa chini tangu ilipochorwa, ikazama, na maji yakaingia kwa milango na madirisha yaliyoachwa wazi kwa joto. Ukanda wa deraya, unene wake inchi 18, ulilinda sehemu ya katikati. Pembe ilipiga mbele yake. Dakika 13 hivi zikatosha. Hata Camperdown yenyewe iliponea chupuchupu, kwa jinsi omo yake ilivyojaa maji.

Wasanifu waliing'ang'ania pembe kwa sababu ya vita vya Lissa, 1866, pale Ferdinand Max ya Austria ilipoizamisha Re d'Italia. Wasichopenda kukisema ni kwamba Re d'Italia ilikuwa imeharibika usukani na karibu imesimama. Kwa ushahidi huo mmoja mataifa yakafunga pembe kwenye meli zao, kisha meli hizo zikaanza kuuana zenyewe kwa zenyewe. Iron Duke iliizamisha Vanguard katika ukungu wa Ireland mwaka 1875. König Wilhelm iliizamisha Grosser Kurfürst karibu na Folkestone mwaka 1878, wakafa Wajerumani zaidi ya 250, siku ya amani. Miaka 15 baadaye, Victoria.

William White, msanifu mkuu wa jeshi la majini la Uingereza, alieleza kwamba kasoro haikuwa ya mchoro bali ya milango iliyochelewa kufungwa. Makala yetu ya pili inamwamini kupita kiasi. Ofisi iliyochora meli haiwezi kuwa pia hakimu wake.

Wapenzi wa mizinga watafurahia makala ya tatu, juu ya ile miwili ya Victoria, ya tani 110 kila mmoja, iliyobanwa katika mnara mmoja wa mbele. Ya nne inahusu makaa ya mawe. Ni fupi na nzuri.

Anayeitetea pembe aniletee orodha ya manowari za deraya za adui zilizozamishwa nayo vitani baada ya Lissa, nami nitaichapa toleo lijalo. Asiniletee Esmeralda ya Chile, iliyogongwa na Huáscar mwaka 1879: ilikuwa ya mbao, na boila zake zilikuwa mbovu.