Chombo cha Kushtulia Gari Kinunuliwe na Mwenye Gari

Ndugu madereva na mautingo wa Gisenyi,

Kila anayepanga foleni kwenye mpaka wa Corniche kuingia Goma anaijua habari hii. Lori linawashwa, linasogea mita 10, linazimwa. Taa zinawaka, redio inalia, simu tatu zinachajiwa. Altaneta haipati muda wa kurudisha kile ambacho starta imekula. Jioni ukigeuza ufunguo unasikia "tik" tu, na walio nyuma wameanza kupiga honi. Gari dogo la gia za mkono tutalisukuma. La otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata ukipewa mteremko wote wa kutoka Bigogwe. Na lori lenye shehena nani atalisukuma?

Ndiyo sababu wengi wetu siku hizi wananunua kile chombo kidogo cha lithiamu cha kushtulia betri, ambacho wengine wanakiita busta. Chombo chenyewe hatukikatai. Tunachokataa ni dereva kukinunua kwa posho yake ya chakula, tena akauziwa kibovu.

Tuanze na huo ubovu. Kwenye boksi yameandikwa kwa herufi kubwa: ampea 2,000, ampea 3,000. Hizo ni ampea za kilele, za kufumba na kufumbua, wala hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote. Kila mmoja huandika apendavyo. Uliza ampea za kuwashia, yaani zile zinazotoka kwa sekunde kadhaa starta ikizungusha injini. Gari dogo la petroli huhitaji kama 150 hadi 250. Dizeli inataka nyingi zaidi, kwa kuwa mgandamizo wake ni mkubwa. Boksi lisilotaja ampea za kuwashia liache dukani.

Halafu kuna ile namba ya miliampea-saa 20,000. Inahesabiwa kwa volti 3.7 za seli moja. Ukiigeuza kwa volti 12 unabaki na ampea-saa 6 hivi, na betri ya gari dogo ina 45 au 60. Lakini hilo si la kukutisha. Kuwasha injini mara moja, tuseme ampea 200 kwa sekunde 3, hakuli hata robo ya ampea-saa moja. Ukubwa wa ghala si hoja. Hoja ni kama seli na nyaya zinaweza kuutoa moto kwa mkupuo. Kwa hiyo tazama nyaya: ziwe fupi na nene, na vibanio viume kweli. Nyaya nyembamba kama za redio hazifai hata kama boksi limepambwa dhahabu.

Tena pima uzito. Kwa seli za kawaida za lithiamu, 20,000 hizo peke yake hukaribia au kupita gramu 300. Kama chombo kizima, pamoja na ganda lake, kina gramu 250, basi umedanganywa, na mizani ya muuza viazi imetosha kukwambia.

Wenzetu wa malori wasikie hili hasa: malori mengi makubwa hutumia volti 24, betri mbili zilizofuatana. Chombo cha volti 12 hakitaliwasha. Tafuta kilichoandikwa 24.

Usalama nao si wa kubahatisha. Vibanio viwe na kile kiboksi kinachokata moto ukikosea chanya na hasi. Betri ya asidi hutoa gesi inayolipuka kwa cheche, basi funga chanya kwanza, kisha hasi kwenye chuma cha injini, mbali na betri, isipokuwa maelezo ya chombo yakisema vingine. Chombo kisiachwe juu ya dashibodi juani, na kikivimba kisitumiwe tena. Kichajiwe kila baada ya miezi mitatu hata kama hakikutumika.

Sasa tuwageukie wenye magari. Wanasema betri ikifa ni dereva aliyeiua, na wengine wanakata mshahara. Hatukubali. Je, yuko dereva anayeambiwa aje na jeki yake kutoka nyumbani? Jeki, gurudumu la akiba na spana ni mali ya gari, na chombo hiki ni ndugu yao. Sheria ya kazi ya Rwanda, Namba 66/2018 ya tarehe 30/08/2018, inamtaka mwajiri alinde usalama na afya ya mfanyakazi kazini. Dereva aliyekwama usiku na gari bovu barabarani hayuko salama.

Isitoshe, mara nyingi mwenye gari ndiye aliyekataa kubadilisha betri iliyochoka. Mita ya fundi haina upendeleo. Betri nzima ya volti 12, ikipumzika baada ya kujaa, husoma 12.6 hivi. Injini ikiwaka isome kama 14. Ikisoma 12 injini ikiwaka, altaneta imekufa, na hakuna chombo cha kushtulia kitakachoiponya.

Tunataka chombo kiandikwe kwenye orodha ya vifaa vya gari, dereva atie sahihi anapokipokea na anapokirudisha, na vipimo vya betri viandikwe kila mwezi. Kila mwanachama alete kwenye mkutano ujao namba ya gari lake na jibu la mwajiri wake.