Ajira za mafuta safi Marekani: zipi zitadumu?

Wanasiasa wa majimbo ya Marekani wanapofungua kiwanda cha mafuta safi, jambo la kwanza kutajwa ni idadi ya ajira. Kwa mwenye mtaji, idadi hiyo haitoshi. La msingi ni kujua nani anayelipa mishahara: mnunuzi wa mafuta au hazina ya serikali.

Biodizeli inatoa fundisho chungu. Kuanzia mwaka 2005 serikali ya Washington ilitoa nafuu ya kodi ya dola 1 kwa kila galoni iliyochanganywa na dizeli. Nafuu hiyo ilikuwa ya muda, na mara kwa mara Bunge lilichelewa kuihuisha. Ilikoma mwisho wa 2009. Mwaka uliofuata viwanda vingi vilisimama na wafanyakazi wakapoteza kazi. Ilikoma tena mwisho wa 2017. Iliporejeshwa Desemba 2019, pamoja na malipo ya miaka iliyopita, tayari viwanda vilikuwa vimefungwa au kutangazwa kufungwa Georgia, Mississippi, Pennsylvania na Texas. Malipo hayo yaliwafaa wenye kampuni walioweza kusubiri. Fundi aliyekwisha kuachishwa kazi hakuambulia kitu.

Ethanoli ya mahindi imekwenda njia nyingine. Nafuu yake ya senti 45 kwa galoni ilikoma mwisho wa 2011. Uzalishaji uliyumba mwaka 2012 kutokana na ukame, lakini mwaka 2024 ulipita galoni bilioni 16, Iowa ikiongoza. Sheria ya mwaka 2005 inawalazimisha wauza mafuta kuchanganya, na zaidi ya hapo ethanoli huongeza oktani ya petroli kwa bei ambayo mara nyingi ni nafuu. Biodizeli nayo inalindwa na sheria, ila gharama zake kwa kawaida huzidi za dizeli.

Hata idadi yenyewe ya ajira ipimwe vizuri. Huko Martinez, California, kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi kilisimamishwa mwaka 2020, kikiwa na wafanyakazi wapatao 740. Kilipogeuzwa kutengeneza dizeli ya mafuta ya mimea na wanyama, kilihitaji watu wachache zaidi.

Tangu Januari 2025 nafuu mpya humwendea mzalishaji, kulingana na kiwango cha hewa ya ukaa kinachotokana na mafuta yake. Mapema mwaka huo, kanuni zikiwa bado zinasubiriwa, viwanda kadhaa vya biodizeli vilipunguza au kusimamisha uzalishaji. Baadaye Bunge liliongeza muda wa nafuu hiyo hadi mwisho wa 2029.

Kwa hiyo mwenye kutaka hisa za kampuni hizi na asome kwanza mahesabu, aondoe nafuu ya kodi, kisha aone kinachobaki. Kikibaki faida, ajira zina msingi. Ikibaki hasara, wafanyakazi na wenye hisa wote wanaishi kwa kuhesabu siku za sheria.