Chumvi ya dawa: uamuzi wa India unaotugusa

Wasomaji wetu waliomuuguza mtu mwenye kifua kikuu sugu wanazikumbuka sindano za kila siku, zilizoacha wengine viziwi. Leo kuna vidonge vya bedakilini. Kwamba bei yake imeshuka, sehemu ya sababu ni ombi lililokataliwa India tarehe 23 Machi 2023.

Hataza, ile tunayoita breve, humpa mvumbuzi haki ya kuzuia wengine kutengeneza kitu chake, kwa kawaida miaka 20. Lakini upya peke yake hautoshi. Fundi wa kazi ile, akijua yote yaliyokwisha kuandikwa, asiweze kufika hapo kwa urahisi.

Bedakilini yenyewe ilistahili. Watafiti wa Johnson & Johnson huko Ubelgiji walipata dawa inayomnyima kijidudu nguvu zake kwa njia ambayo dawa za zamani hazikuitumia. Hatuna ubishi hapo. Hataza hiyo iliisha Julai 2023. Ila kampuni iliomba nyingine, juu ya chumvi ya dawa ileile, ambayo ingefika 2027.

Chumvi hapa si ya kupikia. Dawa isiyoyeyuka vizuri huunganishwa na asidi fulani, na asidi ya fumariki ilikuwa inajulikana zamani kwa kazi hiyo. Ndivyo walivyodai Nandita Venkatesan wa India na Phumeza Tisile wa Afrika Kusini, wanawake wawili waliopona kifua kikuu lakini wakapoteza kusikia kwa matibabu. Walipeleka pingamizi mwaka 2019 wakisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka, na ofisi ya hataza ikakubaliana nao.

Kampuni za dawa zina hoja moja tunayoiheshimu: njia ikishafyekwa, kila mtu huiona nyepesi. Ndiyo maana hakimu wa jambo hili huangalia maandishi yaliyokuwepo kabla ya siku ya ombi, si akili ya leo. Hapa maandishi yalikuwepo. Kwetu, ofisi haikukosea.

Kongo imo kati ya nchi zinazolemewa zaidi na kifua kikuu, hata kile sugu. Kama nchi maskini, Shirika la Biashara la Dunia halitulazimishi kulinda hataza za dawa hadi 2033. Lakini msamaha haujengi kiwanda. Vidonge vingi vya bei nafuu hutoka India, na hataza ya kule ingefunga mlango kabla boksi halijapakiwa melini. Agosti 2023 matibabu ya miezi sita yalishuka hadi dola 130; Septemba kampuni ikatangaza haitadai hataza zake za bedakilini katika nchi 134.

Sheria yetu ya mali ya viwanda ni ya Januari 1982. Siku wabunge watakapoifungua upya, tunaomba waandike humo kwamba mgonjwa anaweza kupinga ombi kabla breve haijatolewa.