Etiketi za Rubaya na Bisie: nani aliujaribu mfumo?

Machi 1993, Soko la Hisa la London lilitangaza kuachana na mradi wa TAURUS, mfumo wa kompyuta uliokusudiwa kuondoa hati za karatasi na kuandika umiliki wa hisa kwa njia ya elektroniki. Mkuu wa soko hilo, Peter Rawlins, akajiuzulu. Novemba 2022 soko la hisa la Australia, ASX, nalo likasimamisha mradi wa kubadilisha mfumo wake wa zamani uitwao CHESS, baada ya kampuni ya Accenture kuukagua mradi huo na kukuta kasoro kubwa. Dola za Australia zipatazo milioni 250 zilifutwa vitabuni. Hasara hizo ni za kutisha, lakini hakuna mwenye hisa aliyeamka akakuta mali yake imeandikwa jina la mtu mwingine, kwa kuwa mifumo ile ilizuiwa mlangoni.

Mchimbaji wa koltani (madini ya tantalamu) wa Rubaya, katika teritori ya Masisi, mashariki mwa Kongo, au wa kasiteriti (madini ya bati) huko Walikale, naye ameishi miaka mingi chini ya mfumo wa aina hiyo. Kazi ya mfumo huo huanza pale muuzaji na mnunuzi wanapomaliza kupatana bei: mali hii imetoka wapi, sasa ni ya nani, uzito wake ni uleule, nani amelipwa na nani anadai. London na Sydney maswali hayo huulizwa juu ya hisa. Kivu Kaskazini huulizwa juu ya gunia. Mfumo wa gunia, hata hivyo, uliingizwa kazini bila kupita kwenye jaribio gumu la wazi, na ukaendelea kutumika miaka mingi huku kasoro zake zikiandikwa ripoti baada ya ripoti. Sasa mifumo mipya inaahidiwa kwa jina la amani na biashara. Naamini hakuna hata mmoja unaostahili kuanza kabla ya kujaribiwa na mtu asiye na faida katika kupita kwake, tena hadharani.

Tuutazame mfumo wenyewe. ITSCI, mpango ulioanzishwa na jumuiya za kimataifa za wafanyabiashara wa bati na wa tantalamu, hutumia etiketi za plastiki zenye nambari. Wakala wa SAEMAPE, idara ya serikali inayowasimamia wachimbaji wadogo, hupima gunia karibu na shimo, hufunga etiketi ya kwanza na kuandika daftarini nambari, uzito na tarehe. Gunia likifika kwa negosia, yaani mnunuzi wa kati, hupimwa tena, hufungwa etiketi ya pili na kuandikwa upya na wakala wa Divisheni ya Madini. Karatasi za madaftari hukusanywa na kuingizwa kwenye kompyuta. Kabla ya kuvuka mpaka, shehena hupata cheti cha Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu kupitia CEEC, taasisi ya Kongo inayothamini na kuthibitisha madini. Migodi yenyewe hukaguliwa na kupewa rangi: kijani inaruhusiwa kuuza, nyekundu imefungwa.

Kwenye karatasi mpangilio huu umekamilika. Ila ukiusoma kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ni kujaribu mifumo ya fedha, unaona kwamba kila hatua inahakikisha jambo moja tu, nalo ni kwamba kilichoandikwa mbele kinalingana na kilichoandikwa nyuma. Nambari ikilingana na uzito ukikaribiana, gunia linapita. Swali zito liko kabla ya daftari la kwanza. Je, gunia hili lilitoka kwenye shimo lililotajwa? Kwa swali hilo mfumo unategemea neno la wakala mmoja, mara nyingi mwenye mshahara mdogo au unaochelewa, aliyesimama mbele ya watu wenye haraka na pengine wenye silaha.

Mjaribu wa mfumo wa benki anajua kwamba kuthibitisha muamala halali unapita ni kazi ya asubuhi moja. Kazi inayomchukua miezi ni kuleta miamala ya uongo, ya kila aina anayoweza kuibuni, na kuangalia kama mfumo utaikataa. Kwa Masisi ingekuwa hivi: leta gunia kutoka mgodi mwekundu, uone kama litafungwa etiketi. Andika tani nyingi kuliko uwezo wa mlima kuzitoa kwa mwezi, uone ni nani atakayeuliza. Beba etiketi ambazo hazijatumika hadi sokoni, uone kama zina bei. Kata mtandao siku kumi, kisha ulinganishe daftari na kompyuta.

Majaribio hayo yalifanyika hatimaye, lakini yalifanywa na watu wa nje, mfumo ukiwa tayari kazini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwa miaka kadhaa kuwa etiketi zinauzwa na kununuliwa katika kanda. Aprili 2022 shirika la Global Witness lilitoa uchunguzi ulioitaja Nzibira, huko Kivu Kusini, kama mahali ambapo madini ya migodi isiyoruhusiwa yalifungwa etiketi na kuingia sokoni yakiwa safi. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: walilinganisha kiasi kilichofungwa etiketi na kiasi ambacho migodi iliyoruhusiwa ingeweza kutoa, na pengo likajitokeza lenyewe. ITSCI ilizikanusha tuhuma hizo. Oktoba mwaka huohuo Responsible Minerals Initiative, muungano unaotegemewa na makampuni makubwa ya elektroniki, uliacha kuutambua mpango huo kama uthibitisho wa kutosha. Ulinganisho kama ule wa Nzibira ungeweza kufanywa kila mwezi tangu mwanzo, kwa kalamu na karatasi.

Rubaya ina somo lake, na ndilo linalonisumbua zaidi. Kwa miaka, vilima vyake viligawanywa kati ya kibali cha kampuni ya SMB, iliyokuwa ya mwanasiasa Édouard Mwangachuchu, na eneo la SAKIMA, kampuni ya serikali, linalopakana nacho. Wachimbaji wengi walikuwa wanachama wa ushirika wa COOPERAMMA, uliokuwa na ugomvi wa muda mrefu na SMB juu ya ardhi na malipo. Mwanzoni mwa 2019 SMB ilihama ITSCI ikaingia katika mpango mwingine, Better Mining. Upande wa SAKIMA ukabaki na ITSCI. Kwa hiyo udongo wa aina moja, uliochimbwa na watu wa kijiji kimoja, ulikuwa na mifumo miwili, na mpaka kati yake ni njia ya miguu. SMB ilipochelewa kulipa, mchimbaji alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kubeba gunia lake usiku hadi upande ambako pesa hutoka mkononi. Global Witness ilieleza kuwa koltani ya SMB ilipata etiketi upande wa pili kwa njia hiyo.

Kila mfumo ungeweza kukaguliwa peke yake ukafaulu. Uvujaji ulikuwa kwenye kiungo, na kiungo hakikuwa cha mtu. Katika miradi ya masoko ya hisa, viungo kati ya mfumo na mfumo ndivyo vinavyotafuna muda mwingi wa majaribio, kwa sababu kila upande huamini kosa ni la jirani. Na simlaumu mchimbaji aliyevuka njia ile. Alikuwa anatafuta malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya. Mfumo unaofuatilia gunia hadi kiwandani ng'ambo lakini haufuatilii kama aliyelichimba amelipwa umeacha nusu ya muamala nje ya daftari, na nusu hiyo ndiyo iliyowasukuma watu kuvuka.

Kisha ikaja tarehe 30 Aprili 2024. Waasi wa M23 waliingia Rubaya. ITSCI ilisimamisha shughuli zake Masisi, lakini uchimbaji haukusimama. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa kundi hilo lilikusanya takriban dola 800,000 kwa mwezi kwa kutoza kodi koltani ya hapo, na kwamba tani zisizopungua 150 zilivushwa kwa njia haramu kwenda Rwanda na kuchanganywa na madini ya nchi hiyo. Wakauita uchafuzi mkubwa kuliko wote wa muongo mmoja katika biashara hii. Rwanda inakana. Kwa mwenye kujaribu mifumo, swali la kwanza ni jepesi kulitamka: upande mmoja wa mpaka umefungwa, upande wa pili, Rwanda, unaendelea kupokea etiketi zilezile, je, kuna kengele yoyote inayolia pale uzalishaji wa upande wa pili unapopanda ghafla? Kama ilikuwepo, haikuzuia tani 150.

Walikale inaonyesha hali tofauti. Mgodi wa zamani wa Bisie, ulioko huko, ulikuwa jehanamu ya wabebaji: watu walipita msituni na magunia ya kilo 50 hadi Ndjingala, na ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami huko Kilambo kuchukua kasiteriti kwenda Goma. Wanamgambo wa Mai-Mai waliogeuzwa brigedi ya 85 ya jeshi, chini ya Samy Matumo, walitoza kila kitu hadi 2009. Leo mlima huo una mgodi wa kiviwanda wa Alphamin, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019 na kutoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024. Kuna lango moja, mzani mmoja, mwendeshaji mmoja. Kulinganisha kilichochimbwa na kilichotoka ni rahisi mno. Machi 2025 M23 walipoikaribia Walikale, kampuni ilifunga kazi tarehe 13, mji ukatwaliwa tarehe 19, na baada ya wapiganaji kuondoka kazi ikaanza kurudi Aprili. Mgodi ulizimwa na ukawashwa, na hesabu zake zikaweza kufuatiliwa.

Wapo wanaohitimisha kutoka hapo kwamba dawa ni kuwaondoa wachimbaji wadogo, viwanda vichukue vilima vyote, na hesabu zitakaa sawa. Nakataa. Mfumo unaofanya kazi tu pale watu wanapoondolewa umewashinda watu, wala haujawahudumia. Maelfu wanaoishi kwa shimo Masisi hawataacha kula kwa sababu daftari linapenda lango moja.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka kwa wachimbaji wenyewe, na nalisikiliza. Wanasema: majaribio ni jina jingine la kufungiwa. Wana kumbukumbu. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji mdogo Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hata majaribio ya mwanzo ya etiketi yakakatika. Marufuku ilipoondolewa Machi 2011, wanunuzi wengi wa nje nao wakajiondoa kwa kuhofia sheria ya Marekani ya Julai 2010 kuhusu madini ya maeneo ya vita, ile inayojulikana Kivu kama sheria ya Obama. Watoto waliondolewa shule, maduka yakafungwa. Anayetaka leo kuuchelewesha mfumo mpya kwa mwaka mzima wa ukaguzi lazima aseme watu watakula nini mwaka huo.

Jibu la masoko ya fedha kwa shida hiyo ni kuiendesha mifumo miwili kwa pamoja: wa zamani unaendelea kufanya kazi na biashara haisimami, wakati mpya unapokea taarifa zilezile pembeni, na kila jioni matokeo hulinganishwa hadi tofauti zimalizike au zipate maelezo. Hilo linawezekana katika migodi midogo ya Walikale iliyo wazi, gunia kwa gunia, bila kufunga hata shimo moja. Ni ghali, ndiyo. Lakini kusimamishwa ghafla kumewagharimu wachimbaji mara nyingi zaidi: 2010, 2024, na tena Februari 2025, wizara ya madini ilipoitangaza migodi ya Masisi kuwa nyekundu.

Makubaliano yaliyotiwa saini Washington tarehe 27 Juni 2025 kati ya Kongo na Rwanda yanazungumzia minyororo ya madini iliyo wazi kuanzia mgodini hadi kiwandani, na makampuni yenye programu, setilaiti na simu za kuchanganua nambari hayatakosa kubisha hodi. Simu yenye kamera haimlindi wakala anayetishwa. Itapokea uongo wake kwa kasi zaidi na kuuhifadhi vizuri zaidi. Kinachohitaji kujaribiwa kwanza ni kama wakala huyo anaweza kukataa gunia na bado akalala nyumbani kwake salama.

Pia iangaliwe pesa ya mjaribu inatoka wapi. Mpango unaolipwa kwa kila tani inayosafirishwa una sababu ya kupenda tani zipite, hata kama watumishi wake ni waaminifu. Australia, aliyesimamisha mradi alitegemea ukaguzi wa mtu mwingine, na ripoti yake ilichapishwa. Kivu ina kamati za ufuatiliaji za mahali, zenye watu wa jamii, washirika na idara za serikali, ambazo kwa miaka zimeandika matukio na kuona yakifungwa kimya. Zipewe haki mbili kwa maandishi: kuona ulinganisho wa kila mwezi wa kila mgodi kabla ya mnunuzi wa nje, na kusema hapana siku ya kuamua kama mfumo mpya uanze. Matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, katika redio za Walikale na Masisi, pamoja na tofauti zote ambazo hazijapata maelezo. Na fungu la fedha liwekwe pembeni mapema la kuwalipa wachimbaji wa mgodi unaosimamishwa kwa kosa la mfumo, likilipwa na wale wanaouza mfumo huo.