Kichwa cha Treni cha Shaba

Mama mmoja wa Kilosa ameniuliza afanyeje. Mumewe, mstaafu wa reli aliyekulia kando ya njia ya Mikumi na Kidatu enzi za mvuke, anataka kutoa sehemu ya kiinua mgongo anunue kichwa cha treni cha kuweka mezani, cha shaba ya manjano. Tena anataka kilie!

Dada yangu, usimcheke. Vichwa hivyo, vingi vya Japani na Korea, huungwa kwa mkono, tena vichache tu. Ndiyo maana ni ghali. Vya zamani havina sauti. Fundi hutia ndani kifaa kidogo chenye sauti zilizorekodiwa, pamoja na spika. Hapo ndipo fedha hupotea. Treni ya mvuke yenye silinda mbili hupumua mara nne kila gurudumu kubwa linapozunguka mara moja. Pumzi zisipolingana na magurudumu, mzee atajua siku ileile, nanyi mtamlipa fundi upya.

Kaeni wawili. Karo na dawa zitengwe kwanza. Kisha aende akaisikilize mwenyewe kabla ya kulipa, na pochi uishike wewe.