Udongo Mweusi na Uzio wa Mwadui

Wako watu wanaodhani kwamba tabia ya jamii huletwa na mila peke yake, kana kwamba mila hushuka kutoka mbinguni. Mwenye fikra hiyo na aende Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, pale barabara ya Mwanza inapoachana na ile ya Lalago na Mwanhuzi, aitazame nchi kabla ya kuwatazama watu.

Nchi yenyewe ni mbuga. Udongo wake mweusi hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na mvua zikinyesha hugeuka ulimbo. Wasukuma wameupa kila udongo jina lake: mbuga, luseni, ibambasi, na mkulima asiyeyajua majina hayo hulala njaa. Palizi ya pamba katika udongo wa namna hii haimngoji mtu mmoja na jembe lake. Ndipo yalipotoka makundi ya kulima kwa pamoja kwa ngoma na nyimbo. Ushirika wa Usukuma haukuzaliwa ofisini, ofisi ziliukuta.

Hali kadhalika ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wayakute kiangazi. Wakati wa ukoloni miti ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha pamba ikala iliyobaki, hata Shinyanga ikaitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanzishwa mwaka 1986, uliona matunda makubwa pale ulipowaachia wananchi warudie ngitili zao. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Sasa tugeukie Mwadui, safari fupi kutoka Kolandoto. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi huko. Ukajengwa mji ndani ya uzio, wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege wake. Ndani ya uzio mshahara ulikuja mvua inyeshe isinyeshe. Nje, mtu aliendelea kuyatazama mawingu. Ndani kulikuwa na upekuzi, na mahali penye upekuzi kila siku watu hujifunza kutoaminiana. Nje, Maganzo, kijana alijifunza kubahatisha: jiwe moja dogo laweza kuzidi mavuno ya baba yake ya miaka kumi. Hao ndio wanaoitwa wabeshi. Kuwaita wezi ni rahisi; kueleza kwa nini kijana wa ukoo wa wakulima anaruka uzio usiku ni kazi ngumu zaidi, na ndiyo inayotupasa. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa nyingi katika mgodi huo, ilifikia mapatano ya pauni milioni 4.3 kuhusu madai ya watu 71 waliosema waliumizwa, au ndugu zao waliuawa, katika ulinzi wa mgodi. Sehemu ya fedha hizo ilielekezwa katika miradi ya vijiji.

Kolandoto yenyewe ilipata shughuli ya namna nyingine. Hospitali ya misheni ilianza hapo mwaka 1913, miaka 27 kabla ya almasi. Kijiji kinachopokea wagonjwa kutoka mbali huzoea wageni, na huona uuguzi kuwa kazi ambayo binti wa mfugaji aweza kuitamani. Shughuli hiyo haikuhitaji uzio ili izae matunda.

Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, na tope likafunika mashamba, malisho na baadhi ya makazi. Fidia ya nyumba huhesabika. Lakini ngitili iliyofunikwa si nyasi tu. Ndani yake mna makubaliano ya wazee na zamu za wachungaji. Kwa hiyo mikataba ya migodi, kuanzia Mwadui hadi Geita, haina budi kutaja udongo na malisho kwa majina yake, na wanaoyajua majina hayo waitwe mezani kabla wino haujakauka.