Ukuta wa Stesheni ni Mali ya Nani?

Mwanzoni mwa mwaka 2015, mafundi waliokuwa wakiijenga upya stesheni ya Tottenham Court Road, katikati ya jiji la London, waliyabomoa matao yaliyokuwa juu ya ngazi za umeme katika ukumbi wa tiketi. Matao hayo yalikuwa yamenakshiwa kwa mozaiki, yaani vipande vidogo vidogo vya vioo vya rangi vilivyopangwa mpaka vikafanya picha. Aliyezibuni picha hizo ni msanii mashuhuri Eduardo Paolozzi. Zogo likazuka. Zaidi ya watu 8,000 walitia saini katika ombi la kutaka matao hayo yanusuriwe, lakini ombi halikufua dafu.

Kwa mtu aliye mbali, ugomvi wa namna hii waweza kuonekana kuwa ni ugomvi wa walioshiba. Watu wanagombania vioo vya ukutani ilhali treni zao zinapita kila baada ya dakika chache! Hata hivyo, chini ya kelele za London lilikuwapo swali linalomhusu kila mtumishi wa umma aliyekabidhiwa jengo, barabara, shule au hospitali: anapokibadilisha kitu hicho anabadilisha mali ya nani, na ni wakati gani impasao kuwauliza wenyewe?

Haki ya wakuu wa usafiri isemwe kwanza. Stesheni hiyo ilifunguliwa mwaka 1900, zama ambazo hakuna aliyeota umati wa leo. Ilipoanza kujengwa upya ilikuwa ikipitisha watu wapatao 150,000 kwa siku, na ilitazamiwa kuwa reli mpya ya kukata jiji toka mashariki hadi magharibi itakapokamilika idadi hiyo itapita 200,000. Mara kwa mara, nyakati za watu kwenda na kutoka kazini, milango ilifungwa kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi hata ya kugeuka. Msongamano chini ya ardhi si adha tu, bali ni hatari. Usiku wa tarehe 18 Novemba 1987, moto uliozuka chini ya ngazi za umeme za mbao katika stesheni ya King's Cross, jijini humo humo, uliwaua watu 31. Anayeisahau habari hiyo hana haki ya kuwakejeli wahandisi wanaotaka kumbi pana na njia nyingi za kutokea.

Ukumbi mpya ulipangwa uwe karibu mara sita ya ule wa zamani. Katika upanuzi huo, wakasema wakuu, matao yalikuwa sehemu ya jengo lililokuwa lazima liondoke. Tena wakatoa hoja iliyowafanya wengi wanyamaze: asilimia 95 ya mozaiki ingebaki. Nayo ilibaki kweli. Kuta za majukwaa zilisafishwa, palipobanduka pakatiwa vipande vipya, na kipande kimoja kikubwa kilichokuwa kwenye mlango wa Oxford Street kikahamishiwa mahali pengine ndani ya stesheni hiyo hiyo. Hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba kazi ya Paolozzi ilitupwa jalalani.

Lakini asilimia ni kipimo cha mwenye ghala, si kipimo cha mwenye nyumba. Mwalimu anayesahihisha mtihani hatazami wingi wa majibu sahihi tu. Hutazama pia ni swali lipi lililokosewa. Matao yale ndiyo yaliyompokea abiria aliyetoka barabarani. Aliyepanda ngazi akitoka chini aliyaona juu ya kichwa chake akielekea kwenye mwanga. Kuta za majukwaa hutazamwa na anayesubiri treni, na huzibwa na treni inapofika. Matao yalionekana na kila mtu, aendaye na arudiye. Kwa hesabu ya meta za mraba yalikuwa kidogo sana. Kwa hesabu ya macho ya watu yalikuwa ndiyo stesheni yenyewe. Wakuu walijibu swali la ni kiasi gani kitaondoka, na wananchi walikuwa wameuliza ni nini kitakachoondoka. Mabishano mengi kati ya ofisi na umma huzaliwa katika tofauti hiyo.

Yafaa kumjua mtu aliyezibuni picha hizo. Paolozzi alizaliwa mwaka 1924 huko Leith, bandari ya Edinburgh, mtoto wa wahamiaji wa Kitaliani waliokuwa na duka la aiskrimu. Italia ilipoingia vitani upande wa Hitler mwaka 1940, Serikali ya Uingereza iliwakamata wanaume wa Kitaliani waliokuwa nchini, naye kijana huyo akatiwa kizuizini kwa miezi. Baba yake, babu yake na mjomba wake walipakiwa katika meli ya Arandora Star ili wapelekwe Kanada. Meli hiyo ikapigwa na manowari ya Kijerumani, nao wakafa maji. Mtu aliyetendewa hivyo na dola angeweza kuupa umma kisogo maisha yake yote. Badala yake, mwaka 1979 alipoagizwa na shirika la usafiri la London kuipamba stesheni ya Tottenham Court Road, alikubali. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1986, mozaiki zinazokaribia meta za mraba 1,000, katika mahali ambapo mlinzi wa usiku, mfagizi na meneja wa benki hupita mlango mmoja na hakuna anayetozwa kiingilio cha kutazama sanaa.

Picha zenyewe hakuzitoa katika vitabu vya wafalme. Alizitoa juu ya ardhi, mitaani. Yamo masaksafoni, kwa kuwa jirani ni Soho, mtaa wa wanamuziki. Zimo kamera na mitambo, kwa kuwa barabara ile ilijaa maduka ya vyombo vya umeme. Yamo mambo yanayokumbusha vitu vya kale, kwa kuwa jumba la makumbusho la Uingereza liko mwendo mfupi tu toka hapo. Yamo magurudumu ya meno kama ya mashine. Wapo waliozipenda toka siku ya kwanza, na wapo walioziona kuwa ni makelele ya rangi. Wengi zaidi, hapana shaka, hawakusema lolote. Walipita tu, asubuhi na jioni, miaka karibu 30.

Ukimya huo ndio ulioleta tatizo. Ofisi huusoma ukimya wa watu kuwa ni kutojali. La hasha! Mtu hasemi kila siku kwamba anaupenda mwembe ulio uani kwake. Husema siku anapoona shoka. Kwa hiyo sauti ya umma juu ya vitu vya kila siku aghalabu huja ikiwa imechelewa, nayo huonekana kama ukorofi wa watu wasiosoma matangazo. Tottenham Court Road ni mfano mzuri wa uchelewaji huo. Mwaka 2009 jumba la muziki la Astoria lililokuwa kando ya stesheni lilibomolewa kupisha ujenzi. Michoro ya stesheni mpya haikuwa siri. Hata hivyo, Jumuiya ya Karne ya Ishirini, ambayo tangu mwaka 1979 hutetea majengo ya zama hizo, ilipopaza sauti na watu wakaanza kutia saini, nyundo zilikuwa zimekwisha kuingia ukumbini.

Sheria nayo haikusaidia. Nchini Uingereza jengo au kazi ya sanaa iliyo sehemu ya jengo yaweza kuandikishwa kuwa urithi wa taifa, na ikisha kuandikishwa haiguswi bila kibali maalumu. Lakini kwa kawaida jengo ambalo halijatimiza miaka 30 haliandikishwi ila likiwa bora sana na likiwa hatarini. Mozaiki za Paolozzi zilikamilika mwaka 1986, na matao yakabomolewa mwaka 2015. Zilibakia takriban mwaka mmoja. Sheria haina lawama, kwani lazima ichore mstari mahali fulani. Walakini mtumishi mwenye busara hujua kwamba kisichokatazwa na sheria hakigeuki kuwa chema kwa sababu hiyo tu.

London, tena, haikuwa mgeni wa misiba ya matao. Mwaka 1961 yalikuwapo maandamano na maombi mengi ya kulinusuru tao kubwa la mawe la stesheni ya Euston, lililojengwa mnamo mwaka 1837, zama za mwanzo kabisa za reli. Serikali ya Waziri Mkuu Harold Macmillan ilikataa, na tao likabomolewa. Mwaka 1994 mengi ya mawe yake yaligunduliwa chini ya mfereji mmoja mashariki mwa jiji, yalikotupwa kuziba shimo! Hasira ya Euston ilishindwa pale Euston, lakini ilizaa matunda kwingine. Zilipokuja fikra za kuliondoa jengo la stesheni ya St Pancras, umma ulikuwa umekwisha kuzinduka, na mwaka 1967 jengo hilo likaandikishwa katika daraja la juu kabisa la urithi. Leo treni za kwenda Ufaransa huondokea hapo.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba reli ya chini ya ardhi ya London ilikuwa na mafunzo mema kuliko hayo, tena nyumbani kwake mwenyewe. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita iliongozwa na Frank Pick, ambaye hakuwa msanii wala mhandisi. Alikuwa msomi wa sheria aliyeingia katika kazi ya utawala, mtu wa mafaili kama walivyo wengi wanaosoma ukurasa huu. Huyo ndiye aliyemwagiza Edward Johnston kubuni herufi zilizoanza kutumiwa mwaka 1916, ambazo sura yake inatambulikana London mpaka leo. Huyo ndiye aliyemleta Charles Holden kuzisanifu stesheni ambazo sasa watalii huzipiga picha. Pick aliamini kwamba mpanda treni anastahili kitu kizuri hata kama nauli yake ni ndogo.

Na liko tukio la mwaka 1933 linalofaa kukumbukwa na kila ofisi yenye nia ya kubadilisha jambo. Harry Beck, mchoraji wa mitambo, alikuwa amebuni ramani mpya ya reli hizo. Aliacha umbali halisi wa ardhini, akanyosha mistari, akaipanga kama nyaya za umeme. Wakuu kwanza waliikataa, wakiona kuwa ni ya ajabu mno. Kisha wakaichapisha kwa majaribio, na juu ya jalada la ramani hiyo wakawaomba wasafiri waandike barua kwa ofisi inayohusika waeleze maoni yao. Jambo lilikuwa geni, nao wakauliza likiwa bado karatasi, wakati ambapo kukosolewa kusingemgharimu mtu chochote isipokuwa wino. Wasafiri waliipokea kwa furaha, na ramani za reli za miji mingi duniani sasa zimefuata mfano huo.

Mtu aweza kusema kwamba kubadili ramani ni rahisi kuliko kupanua ukumbi chini ya mji uliojaa majengo, mabomba na mahandaki. Ni kweli. Yawezekana hata kama watu wangeulizwa mapema, kwa swali la wazi lenye picha ya matao na alama ya mkasi juu yake, jibu la wahandisi lingekuwa lile lile. Lakini ingejulikana mapema nani anayataka, yangeweza kubanduliwa kwa uangalifu zaidi, na mahali pa kuyaweka pangetafutwa kabla ya nyundo. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyeelezwa kwa nini jambo halikuwezekana na mtu aliyelikuta limekwisha. Wa kwanza hununa. Wa pili hupoteza imani, na imani ya watu haina fungu la kuinunulia nyingine katika makadirio ya mwaka.

Stesheni mpya yenyewe ni nzuri. Upanuzi ulikamilika mwaka 2017, na mwaka huo huo kazi ya msanii Mfaransa Daniel Buren, ya maumbo makubwa ya rangi na mistari, iliwekwa katika kumbi zake. Treni za reli ya Elizabeth zilianza kupita hapo tarehe 24 Mei 2022. Ni dhahiri basi kwamba wakuu hawakuichukia sanaa, kwani walitoa fedha kununua nyingine. Mabati ya kujikinga na lawama ya uadui wa sanaa wanayo. Hawana jibu kwa bibi anayeuliza kwa nini sanaa mpya ilikuwa na nafasi katika mchoro tangu mwanzo na ile aliyoizoea ikakosa.

Vipande vilivyookolewa vya matao vilipelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, kwenye chuo cha sanaa alikosomea Paolozzi kijana, katika mji aliozaliwa. Wanafunzi walipewa vipande hivyo wavichunguze na kutafuta namna ya kuvitumia tena. Ni makao ya heshima, na msanii mwenyewe, aliyefariki mwaka 2005, huenda angefurahi. Ila mpanda treni wa London aliyetia saini mwaka ule, akitaka kuyaona tena yale aliyopita chini yake kila asubuhi bila kulipa, sharti sasa akate tiketi ya zaidi ya kilometa 600.